Risala ya Chumba cha Picha kwa Mfadhili wa Spika Kumi na Mbili

Mgeni rasmi, Mzee wetu Zephania, mnunuzi wa nafaka wa Laela na mfadhili wa hospitali yetu. Mganga Mfawidhi, Dokta Victor. Paroko na Sheikh, mliokubali kukaa benchi moja. Mwenyekiti wa Mtaa. Kwaya zote tatu. Ndugu wagonjwa mliokuja kutibiwa mkakuta sherehe: Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Wazee wote, shikamooni.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi sita wa Idara ya Picha na Mionzi, Hospitali ya Upepo Mwema, tumefurahi kukuona umefika salama kutoka Laela ukiwa na koti zito, maana mwezi wa saba huku juu hauna masihara. Tunakushukuru kwa kuiacha mizani yako msimu huu wa mavuno, wakati kila mwenye gunia anakutafuta. Tunajua umekuja kuzindua spika nne mpya, mbili kati yake zikiwa ndani ya chumba cha kusomea picha. Tumeziona. Zimefunikwa kitambaa cha bluu na kufungwa utepe, na tangu juzi hakuna hata mmoja wetu aliyezigusa, ingawa vishawishi vilikuwepo.

Msomaji wa risala hii ni mimi, Emerensiana, karani wa mapokezi. Nimechaguliwa kwa sababu ya sauti, si elimu. Wenzangu walisema mtu mwingine yeyote hatasikika humu ukumbini, na huko kutosikika ndiko hasa kulikotufanya tushike kalamu. Picha za wagonjwa wetu zinasomwa vibaya kwa sababu ya kelele. Hilo ndilo jambo letu, na tumeona tulitaje mapema kabla hujasinzia, maana risala zina tabia hiyo. Tumejitahidi kuwa na adabu. Pale tuliposhindwa, Mganga Mfawidhi alipitia kwa kalamu nyekundu, na pale aliposhindwa yeye, nitasoma hivyohivyo.

Tunaomba pia uvumilie vituo vyetu. Tangazo lako la kwenye spika huingia kila baada ya nyimbo tatu, kwa hiyo ndani ya karatasi hii tumeliachia nafasi yake.

HISTORIA FUPI

Idara yetu ilianza kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Tuna mashine moja ya eksirei, kompyuta mbili za kusomea picha, na ukuta wa plaiwudi unaotutenga na ukumbi wa kusubiri. Ukuta huo unazuia macho tu.

Watu wengi hudhani mashine ndiyo inayosema mgonjwa anaumwa nini. Mashine haisemi kitu. Inatoa picha ya kijivu, halafu mtu anakaa mbele yake na kutafuta jambo ambalo kwa kawaida ni dogo na halina hamu ya kuonekana. Anahesabu mbavu, anafuata ukingo wa moyo, analinganisha pafu la huku na la kule. Akipotea katikati, hakuna kengele inayolia. Anaandika kwamba hakuna tatizo, mgonjwa anashukuru, anarudi shambani na tatizo lake.

Wasomaji wetu ni wawili. Dokta Leonsi ni mtoto wa Muze, amekulia kule bondeni kwenye joto. Dokta Kabula ametoka Shinyanga, ana miaka miwili hapa, baridi ameizoea nusu na Kifipa hajakianza. Anayepiga picha ni Christopha. Utrasaundi anashika Klementina, usafi ni Faith, na mapokezi ni mimi.

Mwezi wa nane mwaka jana, Mgeni rasmi, ulikuja kumwona ndugu yako aliyelazwa. Ukakaa ukumbini saa tatu nzima, ukawatazama wagonjwa walivyojikunyata, ukasema kwa uchungu maneno ambayo bado tunayakumbuka: "Hapa pako kimya kama watu wameshakufa." Hatukujua wakati ule kwamba ukimya ni mali. Tulikubaliana nawe, tena kwa kutikisa vichwa.

Wiki mbili baadaye spika kumi na mbili zilikuwa ukutani. Pamoja nazo ilikuja fleshi yenye nyimbo kumi na nne za kwaya na sauti yako mwenyewe, inayosema hivi: "Poleni wagonjwa. Mungu ni mwema. Ukipona, lete mahindi makavu Laela, mizani yetu haina ujanja." Amplifaya ilifungiwa ndani ya kizimba cha nondo ili isiibiwe. Kitufe cha kupunguza sauti kimo ndani ya kizimba. Ufunguo wa kizimba uko Laela, kwenye droo ya katibu wako Sharon. Na fundi wako, kijana mchapakazi, akaunganisha waya wa spika kwenye laini ileile ya kompyuta za kusomea picha, akatuambia amefanya hivyo ili tusihangaike na swichi mbili. Swichi hiyo nayo imo kizimbani, na atakayezima spika amezikatia umeme na kompyuta.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ya uzinduzi sote tulicheza.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, zawadi yako imeleta mafanikio, na hatutakuwa wachoyo wa kuyataja. Wagonjwa hawajikunyati tena. Wapo akina mama wa Chanji ambao hufika asubuhi, hukaa benchi la mbele, husikiliza nyimbo zote kumi na nne, kisha hurudi nyumbani bila kuugua chochote. Bibi mmoja anajua mpangilio wa nyimbo kuliko mwalimu wa kwaya, na wimbo wa tisa ukianza hunyanyuka kwenda kununua vitumbua kwa kuwa haupendi.

Tangazo nalo halikwenda bure. Mwezi wa tano mzee mmoja alitoka kwenye dirisha langu na majibu ya goti, akauliza njia ya Laela badala ya njia ya duka la dawa. Tunaamini alipata bei nzuri. Goti hatujui.

Sisi wenyewe tumefaidika. Faith sasa anaimba sauti ya pili. Christopha ameoa, na mkewe alimpata hapa hapa, alikuwa anaomba wimbo wa nne urudiwe.

(Hapa msomaji anyamaze. Tangazo linapita. Anywe maji.)

CHANGAMOTO

Hatusemi kelele zote ni zako, Mgeni rasmi. Christopha alikaa wiki moja na daftari akaziandika kwa ukubwa wake. Ya kwanza ni spika. Ya pili ni salamu. Ya tatu, na hapa niliomba daftari lirudiwe kuhesabiwa, ni msomaji wa risala hii anapoita namba za wagonjwa. Nimekubali. Lakini ieleweke kwamba kabla ya spika nilikuwa naita kwa sauti ya kawaida, na mume wangu ni shahidi kwamba ninayo.

Habari ya salamu inahitaji maelezo kwa wageni waliotoka mbali. Mfipa aliyelelewa hasalimii akiwa amesimama kama mlingoti. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumbani, za shamba, za watoto, na anayesalimiwa naye anapiga makofi anaitikia. Zamani ukumbini kwetu makofi hayo yalikuwa laini. Tangu spika zije, mwenye makofi laini hasikiki, na asiyesikika anaonekana ana kiburi. Kwa hiyo sasa yanapigwa kwa nguvu, na habari za shamba zinaulizwa kwa kupaza sauti.

Dokta Leonsi yuko nyuma ya plaiwudi, amefika ubavu wa tano. Anasikia makofi. Haoni anayesalimia wala anayesalimiwa, lakini malezi ni malezi: mikono yake inaiacha kompyuta, inapiga makofi, na mdomo unaitikia. Christopha alihesabu asubuhi moja, Dokta aliitikia salamu arobaini na moja za watu asiowajua. Kila akirudi kwenye picha hakumbuki aliishia ubavu wa ngapi. Mara nyingi anaanza upya. Anasema anaogopa zile mara ambazo hakuanza upya.

Dokta Kabula salamu hazimgusi. Unaweza kugombana kwa Kifipa sikioni mwake naye akasoma picha mpaka mwisho, kwake ni kama mvua juu ya bati. Mwekee watu wawili wanaosengenya kwa Kiswahili, amekwisha. Siku moja alitoka na majibu ya nyonga, akaniuliza kama yule shemeji alirudisha baiskeli.

Ndipo Christopha alipotoa wazo la jaribio. Tulichukua picha arobaini za zamani ambazo majibu yake yalishathibitika kwa upasuaji au kwa matibabu, yaani ukweli wake tunao kwenye mafaili. Kila daktari azisome mara tatu, akipishanisha wiki kadhaa ili asahau: mara moja kwenye nyimbo, mara moja kwenye tangazo na mazungumzo, na mara moja kwenye ukimya.

Ukimya tulikuwa tunaupata kwa njia moja tu, umeme ukikatika. Hapo spika zinanyamaza, na kompyuta ya kusomea inaendelea kwa betri yake ya akiba dakika ishirini na tano. Tulikuwa tumeshajijengea tabia ya kuziweka pembeni picha ngumu tukisubiri giza. Nadhani sisi ndio wafanyakazi pekee wa serikali tuliokuwa tukiomba rozari umeme ukatike. Ukikatika, jengo zima linaguna, na sisi tunakimbilia viti. Lakini tulipoanza jaribio, umeme ulikaa siku kumi na moja bila kutetereka. Klementina alianza kushuku kwamba kuna mtu amezipeleka habari zetu mahali.

Hatimaye ukakatika, na majibu tukayapata. Hatudai ni utafiti wa kuwekwa vitabuni, ni wa daftari moja. Kwenye ukimya Dokta Leonsi alikosea picha tatu katika arobaini, Dokta Kabula nne. Kwenye nyimbo, saba na sita. Kwenye tangazo na mazungumzo, kumi na moja na kumi. Wakati mwingine walishindwa kuona kilichopo. Wakati mwingine waliona kisichokuwepo, kama ule mvunjiko ambao Dokta Leonsi alimpa mwalimu mmoja mwenye mbavu nzima kabisa. Na kati ya yote, tangazo la mahindi ndilo lililoongoza kwa kuharibu. Dokta Kabula anasema tatizo lake si yale maneno. Tatizo ni kulisubiri. Wimbo wa tatu ukikaribia mwisho, jicho linabaki kwenye pafu lakini mtu mwenyewe ameshaondoka.

(Hapa msomaji anyamaze. Tangazo. Asimtazame mgeni rasmi.)

Baada ya kuona hesabu ile hatukuweza kulala vizuri. Swali lilikuwa moja: zile picha tulizosoma tangu mwezi wa nane, mwenye kosa lake yuko wapi sasa? Tukaamua kuzirudia picha za vifua na mifupa ambazo tuliziandikia kwamba hazina tatizo. Kwa dakika ishirini na tano za betri tungemaliza mwaka kesho. Ikabidi tutafute sehemu tulivu zaidi hospitalini, yenye umeme na laini yake.

Mgeni rasmi, sehemu hiyo ni mochwari.

Mzee Timoth, mhudumu wa mochwari, alitupokea kwa mikono miwili. Alitupa ofisi yake ndogo ya mbele, meza na kiti, akasema ana miaka kumi na tisa pale na hajawahi kulalamikiwa kelele. Madaktari wakahamia na kompyuta moja. Kazi ilikwenda vizuri mno. Dokta Leonsi alisema alikuwa amesahau kwamba pafu lina vitu vingi hivyo.

Kosa lililofuata ni langu, na kamati yetu ya risala imenitaka nilisome mwenyewe. Siku ya nne madaktari walihitaji kujua kama picha fulani ya kidole ni ya mkono wa kulia au wa kushoto. Mwenye kidole, Bwana Eustace wa Chanji, alikuwa hapa hapa ukumbini na mkewe Winifrida, wamekuja kufunguliwa bandeji. Mimi nikatoka mlangoni mwa mochwari, nikaweka mikono mdomoni, nikaita: "Eustace wa Chanji! Ndugu wa Eustace wa Chanji waje huku!"

Wakati huo Bwana Eustace alikuwa ametoka nje kununua mhindi wa kuchoma. Aliyesikia ni mkewe. Alichoona yeye ni kwamba mumewe alikuwa naye dakika kumi zilizopita, na sasa anaitwa kutoka mochwari. Sitaeleza kilio chake, waliokuwepo walikisikia, kilizishinda spika kumi na mbili kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Akina mama wa benchi la mbele, wale wa nyimbo, waliondoka mbio kwenda Chanji kutoa taarifa. Kufikia saa saba mchana turubai lilikuwa limefungwa, kuni zimeletwa, na mtu ameshachangia debe la unga wa ulezi. Bwana Eustace alifika kwake akitafuna mhindi, akaona watu uani kwake, akavua kofia na kuuliza kwa heshima ni nani amefariki.

Unga ulirudishwa. Turubai pia. Mama Winifrida hajanisalimia mpaka leo, na ninamwelewa. Dokta Victor alitufungia ile ofisi siku ya pili yake, kwa sababu wagonjwa walianza kukataa kupigwa picha wakisema wanajua picha zinakopelekwa.

Lakini kwa siku zile tulikuwa tumerudia picha mia mbili na kumi na nne. Saba kati yake tulikuwa tumezisoma vibaya. Saba, Mgeni rasmi, si nyingi ukizisema haraka. Tuliwatafuta wenyewe mmoja mmoja. Mama Lucia wa Muze, mkulima wa ulezi, tulimwambia mwezi wa kumi kwamba kikohozi ni cha vumbi la kupepeta. Sasa yuko kwenye dozi ya kifua kikuu, huu ni mwezi wake wa pili, na juzi alipanda mwenyewe mpaka huku, akatuletea kuku. Hatukustahili kuku yule. Tulimla kwa aibu. Wengine watano nao wamepatikana, wameelezwa, wanatibiwa, na wawili wametugombeza kama ilivyo haki yao.

Amebaki mmoja. Huyo alipigwa picha siku ile ya uzinduzi wa spika, pamoja na wenzake kumi na mmoja, katika zoezi la kupima vifua bure. Waliokuwepo watakumbuka. Kwaya tatu ziliimba kwa zamu, Dokta Leonsi akasimamishwa na kipaza sauti mkononi, akawa anasoma kila picha mbele ya watu, na kila akisema safi, ukumbi unalipuka makofi. Jambo lile halikupaswa kufanyika hivyo na hakuna kati yetu aliyesema lolote. Kumi na wawili wote walikuwa safi. Nani angeweza kusema kitu kingine katikati ya kwaya ile?

Ndugu, wale mnaogeuza shingo tunaomba mzirudishe mbele. Hatutamtaja, wala hamtamjua, walikuwa kumi na wawili na wengine ni wageni. Tunachosema ni kwamba kwenye ukimya, katika picha yake, kuna kivuli. Kina ukubwa wa punje ya hindi. Huenda si kitu. Huenda ni kitu ambacho kikiwahiwa ni kidogo na kikicheleweshwa si kidogo tena. Kuwahi maana yake si baada ya mavuno. Tumempigia simu mara tisa. Inapokelewa na msaidizi wake, binti mwenye adabu, anayesema mkubwa yuko kazini. Barua mbili hazikujibiwa.

Siku alipokiona kivuli hicho, Dokta Leonsi alitoka mochwari akakaa kwenye ngazi. Nilimpelekea chai, ikapoa. Aliniambia: "Emerensiana, mimi nilisema safi. Nilisema kwa kipaza sauti." Tangu hapo, mtu akimsifia kwa lolote anaondoka.

MAOMBI

Mgeni rasmi, mtu akikupa zawadi hurudi kuangalia kama unaitumia, na sisi tunaitumia kuliko tunavyoweza kueleza. Tunaomba usitafsiri maombi yetu kama dharau.

Tunaomba ufunguo wa kizimba. Hatutaiba amplifaya, hatuna hata mahali pa kuificha.

Tunaomba spika hizi kumi na mbili, pamoja na nne mpya, zihamishiwe kituo cha mabasi, ambako watu hawasomi picha na wanahitaji sana kujua habari za mahindi makavu. Tumezungumza na wapiga debe wa pale. Wao wamesema kelele kwao haijawahi kuwa changamoto. Akina mama wa benchi la mbele nao tumewaeleza, na wamekubali kuhama, ila bibi wa wimbo wa tisa amesema atafikiria.

Badala yake tunaomba ukuta. Ukuta wa matofali, na mlango mmoja mzito unaofunga. Tunajua ukuta hauna sherehe. Hauimbi, na jina lako likiandikwa juu yake litakuwa upande wa ndani ambako watu wawili tu watalisoma. Lakini hao wawili watalisoma kila siku, wakiwa kimya.

Dokta Victor aliweka wino mwekundu kwenye ombi la mwisho, kisha jana jioni akaufuta mwenyewe. Tunaomba leo usikate utepe. Tunaomba uje kwanza chumba namba nne.

HITIMISHO

Sharon alituambia kwa simu kwamba lolote tulilonalo tuliandike kwenye risala, kwa kuwa risala ndiyo karatasi pekee utakayopewa mkononi bila kupitia kwake. Tumeandika. Yanayowahusu wote nimeyasoma. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili iliyokunjwa, ambayo mimi sijaisoma na sitaisoma. Imeandikwa na Dokta Leonsi kwa mkono wake. Ina jina moja juu yake.

Kama umeona kiti kitupu kwenye meza kuu, ni cha Dokta Leonsi. Yuko chumba namba nne, Dokta Kabula yuko naye. Christopha ameshawasha mashine. Kupiga picha ni dakika mbili. Ikishatoka, Dokta Victor mwenyewe atazima umeme wa jengo hili lote. Upasuaji umeahirishwa, friji ya chanjo imeazimiwa jenereta, kwaya zimeombwa kukaa, na wagonjwa waliopo hapa wameulizwa mmoja mmoja na wamekubali kunyamaza. Mama Winifrida alikuwa wa kwanza kukubali.

Betri ya kompyuta inakaa dakika ishirini na tano. Hatujawahi kumpa mtu mmoja dakika zote hizo. Leo ni zako.

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekaa kamati siku tatu na hatukutaka kupona peke yetu. Mwenyezi Mungu aliyekuleta salama kutoka Laela akulinde, ayalinde mavuno yako na nyumba yako, na akupe miaka mingi ya kuja kutugombeza kuhusu ukuta.

Ni sisi watumishi wako,
Emerensiana, Leonsi, Kabula, Christopha, Klementina na Faith,
Idara ya Picha na Mionzi, Hospitali ya Upepo Mwema, Sumbawanga.